Kofia ya Kauboi Hailishi Ng'ombe: Niliyoyaona Steamboat Springs

Tangu niweke picha za ziara yangu ya Colorado, simu haipumziki. Swali ni lile lile: afisa, hili la utalii wa shamba nasi tutalianza lini? Wengine mmeshapiga hesabu za nyumba ndogo za mbao, mabango, farasi wa kukodisha, hata jina la Kizungu la shamba mmeshalipata. Sijaona hata mmoja aliyeniuliza habari za majani.

Nitajibu, ila kwa kirefu kidogo, maana wale jamaa nilikokwenda wameanza biashara hii siku nyingi na wana ya kutufundisha, mazuri na mabaya. Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa asije mtu akasema sikusema. Mgeni anayefika kule analipia kofia, farasi na kamba. Kinachofanya kofia hizo ziwepo mpaka leo ni ardhi ambayo haikukatwa vipande, ghala lenye majani ya miezi sita, na daftari. Ukianza na kofia utafilisika mapema, na shamba litaishia kwa mtu mwingine.

Mji wenyewe unaitwa Steamboat Springs. Uko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani, kwenye bonde la mto Yampa, mita kama 2,050 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hakiko mbali na cha Njombe mjini, lakini usidanganyike na namba. Kule ni mbali sana na ikweta. Theluji inafunika malisho kwa karibu nusu mwaka, na usiku mmoja wa baridi unaweza kuunguza mche hata mwezi Juni. Jina la mji lilitokana na chemchemi iliyokuwa ikinguruma. Inasimuliwa kwamba wawindaji wa manyoya wa zamani walipoisikia walidhani ni meli ya mvuke inapanda mto. Reli ilipojengwa pale karibu na mwaka 1908, ngurumo ikakatika. Maji bado yapo, sauti haipo.

Kabla ya ng'ombe, bonde lile lilikuwa la watu wa Ute. Hata neno Yampa ni jina la mmea ambao walikuwa wakichimba mizizi yake na kula. Mwaka 1881 Waute wa eneo hilo walihamishwa kwa nguvu kupelekwa Utah, na walowezi wakajigawia bonde chini ya sheria ya mwaka 1862, iliyompa mtu ekari 160 akikubali kuishi pale na kulima kwa miaka 5. Nalisema hili mapema kwa sababu mgeni anayepandishwa farasi jioni, akala nyama ya kuchoma na kusikiliza gitaa, hulisikia kidogo sana. Anaambiwa urithi ulianza na kauboi. Mfugaji wa Kitanzania aliyewahi kuhamishwa sidhani kama anahitaji kuelezwa mara mbili.

Ng'ombe, majani, na miezi sita ya theluji

Sasa tuingie kwenye ufugaji wenyewe, maana hapa ndipo penye shule.

Ekari 160 kwenye nchi ya baridi na ukame hazitoshi kumfanya mtu aishi kwa ng'ombe wa nyama. Kwa hiyo walowezi wale, waliobaki, walijenga mfumo wa ngazi mbili ambao mpaka leo ndio unaoendesha ranchi za bonde lile. Chini, kando ya mto, ni mashamba ya majani. Juu, milimani, ni malisho ya kiangazi, na sehemu kubwa ni ardhi ya serikali ambayo mfugaji anapewa kibali cha kuitumia kwa miezi michache tu. Ndama wanazaliwa kuelekea mwisho wa baridi na mwanzo wa joto. Mwezi Juni hivi theluji ikishayeyuka, ng'ombe na ndama wao wanapandishwa mlimani. Wakiwa huko, mwenye ranchi hana muda wa kupumzika, maana huo ndio wakati wa kukata majani chini. Majira ni mafupi mno kiasi kwamba wengi wanavuna mara moja tu kwa mwaka, Julai na Agosti. Mvua ikikunyeshea majani yamelala chini, imekula kwako mpaka mwakani. Oktoba hivi ng'ombe wanashushwa, ndama wanaachishwa na kuuzwa. Kisha theluji inaingia, na kuanzia hapo ng'ombe hali kitu ambacho wewe hukukiweka ghalani.

Pigeni hesabu na mimi. Ng'ombe jike wa nyama wa kule ana kilo 550 hivi. Anakula majani makavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 11. Siku 180 za kulishwa ni karibu tani 2 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye majike 200 anahitaji tani 400 kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Si mchezo. Ndiyo maana mwenyeji wetu mmoja, mzee wa makamo, mikono kama gome la mti, alitupeleka ghalani kwanza kabla hatujaona ng'ombe hata mmoja. Wenzangu wa msafara walitaka kupiga picha na farasi. Yeye akasimama mbele ya marobota akatuonyesha, kama mtu anavyoonyesha watoto wake.

Maji ya kumwagilia mashamba yale ya majani yanatoka kwenye theluji inayoyeyuka. Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 ina kanuni moja rahisi kuisema na ngumu kuiishi: aliyetangulia kuyatumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza. Kila haki ya maji ina tarehe yake na kiasi chake. Mwaka wa ukame, mwenye tarehe ya nyuma, yaani ya zamani zaidi, anapata maji yake yote kabla mwenye tarehe ya karibuni hajafungua mfereji. Ukiacha kuyatumia maji kwa miaka mingi unaweza kuonekana umeyaacha na haki ikapotea. Sisi tunaogombana kwenye mifereji kila kiangazi, mwenye nguvu ndiye anayefungua, tungejifunza angalau hilo la kuandika tarehe na kiasi.

Karatasi ni kitu kikubwa kule kuliko farasi. Chukua chapa. Kwenye sinema chapa ya moto ni moshi na ndama analia. Kwenye sheria ya Colorado chapa ni hati: inasajiliwa na bodi ya serikali, inalipiwa, inaweza kuuzwa au kurithishwa, na ng'ombe hauzwi bila mkaguzi wa chapa kumwona na kuandika. Hata kumsafirisha zaidi ya maili 75 ndani ya jimbo kunahitaji mkaguzi. Siku ya kupiga chapa majirani wanakuja na farasi zao na kamba. Hawalipwi, wanalishwa, na wewe kesho unakwenda kwao. Msaragambo kabisa. Ndama mmoja anachukua dakika chache: anakamatwa miguu ya nyuma, anavutwa, anachanjwa, dume anahasiwa, chapa inawekwa, mtu pembeni anaandika. Niliona watalii wakipiga picha za kamba. Nilitamani wampige picha yule mwenye kalamu.

Na sisi tunayo sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010. Heleni mnazilalamikia, mnaniambia ni usumbufu. Jamani, wale wanaowapendeza kwa kofia zao wana usumbufu huo tangu kabla babu zenu hawajazaliwa, na wanaulipia kwa hiari, kwa sababu ndama bila uthibitisho wa mwenyewe hana bei.

Kuna mtu mmoja wa bonde lile ambaye kila kijana anayefuga angemsoma. Aliitwa Farrington Carpenter, wenyewe walimwita Ferry. Alisoma Princeton, akasoma sheria Harvard, na mwaka 1907 alikuwa ameshajichukulia shamba karibu na mji wa Hayden, jirani na Steamboat. Alifuga Hereford. Mwaka 1934, malisho ya serikali yakiwa yameliwa mpaka udongo na wafugaji wa ng'ombe na wa kondoo wakitafutana kwa bunduki, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya malisho iliyoitwa kwa jina la mbunge wa Colorado, Edward Taylor. Carpenter ndiye aliyepewa kazi ya kwanza ya kuiendesha. Akaunda kamati za wafugaji wenyewe kila wilaya ya malisho, wakakaa na kugawana vibali. Kibali kilifungwa kwenye ardhi au maji uliyonayo. Huna shamba la chini la kumtunza ng'ombe wako wakati wa baridi, huna kibali cha juu. Ada ilianzia senti 5 kwa ng'ombe kwa mwezi. Mpaka miaka ya karibuni ilikuwa bado dola 1.35, na wapo Wamarekani wengi wanaosema huo ni ufadhili uliojificha. Mimi nakubaliana nao, tena ni vizuri mlijue: kauboi anayejisifu hategemei mtu, kiangazi ng'ombe wake wanakula majani ya umma kwa bei ya chini.

Carpenter huyo huyo alikuwa miongoni mwa wafugaji wa mwanzo kusisitiza kwamba dume lichaguliwe kwa mizani na kumbukumbu za ukuaji, siyo kwa urembo wake mbele ya majaji wa maonyesho. Mnaonunua dume kwa sababu ana nundu nzuri, mnanisoma?

Hela ya mgeni inaangukia wapi

Basi, tuje kwenye utalii, ambao ndio mliuulizia.

Kiangazi, kila Ijumaa na Jumamosi jioni, kuna rodeo karibu kabisa na katikati ya mji, chini ya kilima cha Howelsen. Wapanda farasi wa kulipwa, wanaoshindana kwa pointi za kitaifa, wanapanda farasi wasiofugika na mafahali, wanarusha kamba, wanakimbiza mapipa. Watoto wanaitwa uwanjani kumfukuza ndama na kumnyang'anya utepe wa mkiani, na hapo ndipo kelele inakuwa kubwa kuliko zote. Tarehe 4 Julai wana siku zao za kauboi zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Wakati wa baridi wana tamasha lililoanza mwaka 1914: wanamwaga theluji kwenye barabara kuu ya mji, farasi anatimua mbio, nyuma yake anamburuta mtu aliyesimama juu ya mbao za kutelezea. Ukiona kwa macho hutasahau. Wafugaji na Wanorwei wa mbao za theluji walikutana pale wakatengeneza kitu kimoja, na hicho nasema wazi ni urithi wa kweli, haukubuniwa na watu wa matangazo. Duka la nguo la F.M. Light & Sons limefunguliwa mwaka 1905 na bado liko mikononi mwa familia ile ile. Linauza kofia na buti. Zamani liliwauzia wafugaji. Siku hizi, kwa nilivyoona foleni, linawauzia zaidi watu kama mimi.

Lakini kuna picha moja imenifikirisha kuliko rodeo. Kituo cha michezo ya theluji kilifunguliwa pale mwaka 1963, na familia za wafugaji zilikuwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Miaka ya 1970 kikatangazwa kwa bango lililokuja kuwa maarufu: wapanda farasi wawili kwenye theluji, wamebeba mbao za kutelezea begani, nyuma yao ghala la zamani la mbao, na mlima. Bango hilo liliuza mji. Watu walikuja kwa sababu vituo vya theluji ni vingi, ila chenye ng'ombe wa kweli ni hicho. Walipokuja wakapenda. Walipopenda wakataka nyumba. Ghala lile bado limesimama na linatunzwa, ila ukiliendea leo unalikuta limezungukwa na majengo ya makazi. Mlima bado uko nyuma yake. Ng'ombe hawapo.

Hilo ndilo nataka mlitafune. Mandhari ya ranchi ndiyo iliyomleta mgeni, lakini hela ya mgeni ilianguka hotelini, kwenye lifti za mlimani, migahawani, kwa dalali wa viwanja. Mwenye majani alipata nini? Alipata bei ya ardhi kupanda. Ukitaka kuuza, hiyo ni neema. Ukitaka kufuga, ni msiba: huwezi kununua eneo la jirani kwa hela ya ndama, mtoto wako hawezi kuwanunua ndugu zake mkigawana mirathi, na mzee akifariki, kodi ya urithi inaweza kupigwa kwa bei ya kiwanja cha nyumba wakati shamba linaingiza hela ya majani.

Wapo wafugaji waliopeleka biashara ya wageni ndani ya ranchi wenyewe. Ranchi za wageni ni jambo la zamani kule, chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1926. Mgeni anakaa wiki, analala, anakula, anapanda farasi, anapangiwa hata kusaidia kuhamisha ng'ombe. Zipo zinazoendeshwa vizuri sana. Ila ukichungulia jikoni utakuta ni hoteli yenye ng'ombe, siyo shamba lenye wageni. Wapishi, wasafisha vyumba, wapanda farasi wa msimu, bima, bango la onyo ambalo sheria ya Colorado inataka liwekwe panapokodishwa farasi. Mfugaji mmoja niliyekula naye aliniambia mkewe ndiye anayeendesha wageni na yeye anaendesha ng'ombe, na daftari zao hazichanganywi kabisa. Nilimuuliza lipi linalipa. Akacheka, akaniongezea viazi.

Ekari 35 zinavyoua ranchi

Sheria ya Colorado ya mwaka 1972 ilitaka kudhibiti ukataji holela wa viwanja. Ikasema kipande chenye ekari 35 au zaidi hakihesabiwi kuwa mgawanyo wa viwanja, kwa hiyo hakihitaji ruhusa ile ngumu ya wilaya. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Ranchi ya ekari 700 inakuwa vipande 20 vya ekari 35, kila kimoja na nyumba kubwa katikati, barabara yake, mbwa wake, na mwenyewe anakuja wiki 3 kwa mwaka. Ekari 35 ni kubwa mno kuikata majani kwa mashine ya bustani na ni ndogo mno kumlisha mtu kwa ng'ombe. Magugu yanaingia. Mfereji uliokuwa wa mtu mmoja sasa una wenyewe 20 wasiojua koleo. Jirani aliyebaki na ng'ombe anakosa msaragambo wa chapa, duka la pembejeo linafungwa, fundi wa matrekta anahama. Ranchi haifi siku inapouzwa. Inakufa majirani wanapopungua.

Hapa ndipo wafugaji wa Colorado walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa urithi mkubwa kuliko kamba. Mwaka 1995 chama cha wafugaji wa ng'ombe wa jimbo kilianzisha mfuko wake wa kulinda ardhi, na watu wa bonde la Yampa walikuwa mstari wa mbele. Haikuwa serikali wala watu wa mazingira, walikuwa wafugaji wenyewe, ambao siku za nyuma hata neno hifadhi liliwachefua. Mfumo ni huu: mwenye ardhi anaingia mkataba wa kudumu, anaacha haki ya kukata viwanja na kujenga. Ardhi inabaki yake. Analima, anafuga, anauza, anarithisha. Ila yeyote atakayeishika baada yake amefungwa na mkataba ule ule, milele. Chukua mfano tu: shamba ni la dola milioni 10 likiuzwa kwa nyumba, na milioni 4 likiuzwa kwa ng'ombe. Ile tofauti ya milioni 6 ndiyo anayoiacha, na ndiyo anayofidiwa, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa nafuu ya kodi. Kodi ya urithi nayo inashuka kwa sababu ardhi sasa ina bei ya majani.

Mwaka uliofuata, 1996, wapiga kura wa wilaya ya Routt, yenye mji huo wa Steamboat, walikubali kujikata kodi ya majengo na ardhi ili kununua haki hizo kutoka kwa wafugaji wanaotaka kuziuza. Fikiria hilo. Mtu wa mjini anayefaidi mandhari analipa, na hela inamfikia mwenye majani. Mwaka 2005 wakaiongeza muda. Mwaka huo huo wa 1996 ranchi ya Carpenter ilinunuliwa na shirika la The Nature Conservancy, na ng'ombe wakaendelea kulishwa humo.

Je, haina kasoro? Inayo. Milele ni muda mrefu, na mjukuu hakuulizwa. Tena ardhi ikifungwa nyumba zinakuwa chache na ghali. Mpishi, mwalimu, mkata majani, wote wanalala mbali na kuendesha gari kwenye theluji. Mamlaka ya nyumba ya bonde lile ilipata ranchi ya ekari zaidi ya 500 pembeni ya mji mwaka 2021 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, na mwaka 2024 wapiga kura wa mji wakakataa kuiingiza mjini kwa mpango uliokuwa mezani. Kura hiyo hiyo ya watu wa mjini inaweza kumgeukia mfugaji pia. Mwaka 2020 Colorado nzima ilipiga kura kurudisha mbwa mwitu milimani, ikapita kwa tofauti ndogo kabisa, wengi wa waliounga mkono wakiwa wakazi wa miji mikubwa, na wanyama wa kwanza wakaachiliwa Desemba 2023 kwenye milima ya magharibi. Fidia ipo, mpaka dola 15,000 kwa mnyama. Ukiishi kwa kupendwa na wageni, ujue mgeni anapenda vitu vingi, na ng'ombe wako ni kimoja tu.

Sasa turudi nyumbani. Mnajua wenyewe watu wanavyokuja huku kutafuta mashamba ya misitu na parachichi, na mnajua ekari za mzee zinavyokatwa kila anapofariki mtu. Sina mfuko wa dola wa kuwapa, na mkataba wa kudumu wa namna ile hatuna. Tunayo sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, na hati miliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, kwa familia, hata kwa kikundi. Kule kaskazini jamii za wafugaji na Wahadzabe zimeshapata hati za pamoja za malisho. Ninyi mnaotaka wageni, wangapi mna hati? Kama shamba ni la ukoo na halijaandikwa, ukijenga nyumba za kulala wageni utakuwa umewapandishia bei ndugu zako, siku wakitaka kuuza.

Halafu majani. Ng'ombe chotara wa kilo 350 anakula kilo 9 hivi za majani makavu kwa siku. Kiangazi chetu weka siku 150: ni kilo 1,350, sawa na marobota 68 ya kilo 20. Mwenye ng'ombe 10 anahitaji marobota 680. Kwa kila mmoja wenu aliyenipigia simu niliuliza anayo mangapi, na jibu la juu kabisa lilikuwa 90.

Kisanduku cha mbao cha kufungia marobota kwa mkono kinatengenezwa na fundi yeyote wa kijijini: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, wazi juu na chini. Unatandika kamba mbili, unajaza majani, unakanyaga, unafunga, unachomoa. Kata yanapoanza kutoa maua, usisubiri mbegu. Alhamisi kuanzia saa 3 asubuhi nitakuwa na kimoja ofisi ya kata, na fundi atakuwepo. Mje na kamba zenu.